Nino Bixio: Nahodha Aliyepewa Jeshi

Kila ninaporudi kwenye historia ya kuunganishwa kwa Italia, jicho langu huvutwa na mtu wa pili. Mtu wa kwanza anajulikana na kila msomaji: Giuseppe Garibaldi, mwenye shati jekundu na sauti iliyowafanya vijana waache vyuo na maduka wakamfuate. Pembeni yake alisimama mtu mwembamba, mwepesi wa hasira, mwenye masharubu na macho makali, aliyepewa kila kazi ambayo haikuvumilia kuchelewa. Huyo ni Nino Bixio. Simulizi nyingi humtaja kwa sentensi mbili tatu, ama kumsifu kwa ushujaa wake, ama kumlaani kwa yale aliyoyatenda katika mji wa Bronte huko Sicilia, na mara chache sana mambo hayo mawili huwekwa pamoja kama maisha ya mtu mmoja. Rai yangu, baada ya kukaa na habari zake kwa muda mrefu, ni kwamba Bixio hakuacha kamwe kuwa baharia. Alipoteremka nchi kavu aliteremka na sheria ya melini, ile ambayo nahodha akisema hakuna wa kusema baada yake, na sheria hiyo ndiyo iliyowaokoa wenzake mara kadhaa, na ndiyo iliyowaua watu watano ndani ya siku nne.

Alizaliwa Genova tarehe 2 Oktoba 1821, kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, baba akaoa tena, na mtoto huyu mtundu akaonekana mzigo nyumbani. Alipofikia umri wa miaka 13 hivi alipelekwa baharini kama mtumishi mdogo wa melini, kazi ya kusugua sitaha na kupanda milingoti, ambayo malipo yake yalikuwa makofi zaidi kuliko fedha. Baadaye alitumikia jeshi la majini la Ufalme wa Sardinia, kisha akarudi kwenye meli za biashara na kuzunguka nusu ya dunia. Mwaka 1846, akiwa katika meli ya Kimarekani kwenye pwani ya Sumatra, alichoshwa na nahodha wake hata akajitupa majini usiku pamoja na wenzake wawili ili kutoroka. Wenyeji walimkamata, naye akarudishwa melini. Naomba msomaji aliweke akilini jina hilo la Sumatra.

Aliporudi Ulaya alipitia Paris, ambako kaka yake Alessandro alikuwa amekwisha kuwa mtu wa heshima, na huko fikra za Giuseppe Mazzini, mwanamapinduzi aliyetaka Italia moja iliyo jamhuri, zikamkamata. Italia ya wakati ule ilikuwa nchi kwenye ramani tu. Waaustria walitawala Lombardia na Veneto, Papa alitawala katikati, ukoo wa Bourbon ulitawala kusini, na Wapiemonte, watu wa kaskazini-magharibi katika Ufalme wa Sardinia, walikuwa na mfalme wao, Carlo Alberto, ambaye hakuna aliyejua moyo wake uko upande gani. Mnamo Novemba 1847 mfalme huyo alipita katika barabara za Genova, umati ukimshangilia. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alipenya katikati ya watu, akaikamata hatamu ya farasi wa mfalme, na kumpigia kelele avuke mto Ticino, mpaka wa Lombardia, nao wote watakuwa pamoja naye. Kijana huyo alikuwa Bixio. Hakuwa na cheo, hakuwa na mali, na tayari alikuwa akimwamuru mfalme.

Mwaka uliofuata vita vilizuka, naye akaenda kupigana akiwa na rafiki yake mkubwa, mshairi Goffredo Mameli, ambaye alikuwa ameandika beti ambazo leo ndizo wimbo wa taifa la Italia. Mwaka 1849 wote wawili walikuwa Roma, kuilinda Jamhuri iliyotangazwa baada ya Papa Pius IX kukimbia. Wafaransa waliotumwa kumrudisha Papa walishambulia tarehe 30 Aprili wakidhani watu wa Roma hawatapigana. Siku hiyo Bixio alimkamata meja wa Kifaransa kwa mikono yake mwenyewe, na mamia ya askari wake wakasalimu amri. Tarehe 3 Juni mambo yaligeuka. Wafaransa walikuwa wameiteka Villa Corsini, nyumba iliyokuwa juu ya mwinuko mbele ya Lango la San Pancrazio, na Garibaldi akawatuma watu wake kupanda kilima kile tena na tena, kikosi baada ya kikosi, kwenye njia nyembamba iliyokuwa ikimiminiwa risasi kutoka kila dirisha. Bixio alianguka akiwa amejeruhiwa vibaya. Mameli alipigwa mguuni siku hiyo hiyo, mguu ukakatwa, na tarehe 6 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 21. Roma ilikuwa imekwisha kuanguka siku chache kabla.

Kwa miaka kumi iliyofuata Bixio alirudi kwenye kazi aliyoijua. Alioa, akapata meli, akaipa jina la Goffredo Mameli na kusafiri nayo hadi Australia, safari ambayo haikumletea utajiri wowote. Mwaka 1859, Piemonte ilipoungana na Ufaransa dhidi ya Austria, aliacha biashara na kujiunga na Wawindaji wa Alpi, kikosi cha Garibaldi. Sitakawia hapo, kwa sababu jina lake halisi lilitengenezwa mwaka uliofuata.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Mei 1860, watu wachache wakiongozwa na Bixio waliingia katika bandari ya Genova, wakapanda meli mbili za mvuke za kampuni ya Rubattino, Piemonte na Lombardo, na kuzichukua. Alfajiri walipakia watu wa Garibaldi kutoka Quarto, kwenye pwani ya jirani, ili waende Sicilia kupigana na utawala wa Bourbon: zaidi kidogo ya elfu moja, mawakili, madaktari, wanafunzi na mafundi, wengi wao hawajui lolote la bahari. Garibaldi alikuwa ndani ya Piemonte. Lombardo, iliyokuwa kubwa zaidi na nzito zaidi, alipewa Bixio.

Nikitaka kumwona mtu huyu kwa karibu, namtazama katika safari hiyo. Siku moja kwenye sitaha koplo mmoja alimjibu kwa namna isiyompendeza, na Bixio akamrushia sahani usoni. Watu walinung'unika, hawa walikuwa watu wa kujitolea, raia wenye elimu, hawakuja kupigwa sahani. Bixio akawaita wote tezini, akasimama mbele yao peke yake, na kuwaambia kwamba humo melini yeye ndiye kila kitu, ndiye Kaisari wa Urusi, ndiye Sultani, ndiye Papa, na kwamba asiyemtii atauawa. Wakifika Sicilia, wakitaka, na wamnyonge kwenye mti wa kwanza watakaoukuta, lakini kabla ya hapo hakuna wa kufungua kinywa. Walimshangilia. Mimi nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwamba walimshangilia, kisha naelewa: wapo katikati ya bahari inayolindwa na manowari za adui, ndani ya chombo kizee kilichojaa kupita kiasi, na mtu pekee anayejua wanakokwenda ni yule anayewafokea.

Usiku wa mwisho kabla ya kufika, giza likiwa nene, Bixio aliona mbele yake kivuli cha meli iliyozima taa na kusimama. Alidhani ni manowari ya Bourbon. Kwa kuwa hakuwa na mizinga ya kutosha kupigana, aliamuru mashine zisukume kwa nguvu zote, akakusanya watu omoni wakiwa na singe, akaielekeza Lombardo ikaigonge ubavuni. Zilipobaki hatua chache ikasikika sauti kutoka gizani ikiita: "Kapteni Bixio!" Ilikuwa sauti ya Garibaldi. Alikuwa akiwasubiri. Lau upepo ungeichukua sauti ile kwingine, historia ya Italia ingezama usiku huo pamoja na meli mbili. Tarehe 11 Mei waliingia Marsala, bandari ya magharibi mwa Sicilia, na Lombardo ikakwama kwenye kina kifupi mdomoni mwa bandari. Bixio aliteremsha watu wake wote salama, kwa sababu meli za Bourbon zilisita kupiga mizinga zilipoona manowari mbili za Waingereza zimetia nanga karibu.

Calatafimi tarehe 15 Mei, kisha Palermo tarehe 27: katika mapigano yote mawili alikuwa mstari wa mbele, na Palermo alipigwa risasi kifuani alipokuwa akiingia kwa Lango la Termini. Mwisho wa Julai karibu kisiwa chote kilikuwa mikononi mwa Garibaldi, isipokuwa ngome chache, na mawazo yalikuwa yamekwisha kuvuka mlango wa bahari kuelekea Calabria. Hapo ndipo zilipofika habari za Bronte.

Bronte ni mji ulioko kwenye mteremko wa magharibi wa mlima Etna. Mwaka 1799 Mfalme Ferdinando wa Napoli alimzawadia amiri wa jeshi la majini la Uingereza, Horatio Nelson, ardhi ya huko pamoja na cheo cha Duke, na mwaka 1860 warithi wa Nelson walikuwa bado ndio wenye nchi. Wakulima walidai kwa miaka mingi kwamba misitu na malisho yaliyokuwa mali ya mji yamemezwa. Juu yao walikaa mabwana wa mjini, waliojulikana kwa jina la "kofia" kwa sababu ya mavazi yao, waliotunza hesabu za Duke na kula pamoja naye. Tarehe 2 Juni Garibaldi alitoa amri kwamba ardhi za miji zigawanywe, na waliopigana wapate fungu lao. Wakulima wa Bronte walisubiri Juni yote, wakasubiri Julai yote, na hakuna shamba lililopimwa. Tarehe 2 Agosti subira yao ilikatika. Nyumba zilichomwa, kumbukumbu za mji zikateketezwa, na watu 16 wakauawa, wengine kwa ukatili ambao sina haja ya kuueleza. Miongoni mwao alikuwemo mthibitishaji wa hati wa mji. Waliouawa wengi walikuwa "kofia" na jamaa zao.

Warithi wa Nelson walikuwa raia wa Uingereza, na balozi mdogo wa Uingereza akalalamika. Garibaldi alihitaji nia njema ya Waingereza kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa ndio waliokuwa na uwezo wa kumzuia au kumwachia avuke. Akamtuma Bixio. Alifika tarehe 6 Agosti, wakati ghasia zimekwisha kutulia, na bado alitenda kana kwamba maasi yangali yanawaka. Alitangaza kwamba Bronte ina hatia ya kuukosea utu, akaweka mji chini ya sheria ya kijeshi, akaamuru silaha zote zisalimishwe, na akatoza kodi ya vita ya onza kumi, fedha ya Sicilia ya wakati ule, kwa kila saa mpaka utaratibu urejee. Ninapoisoma kodi hiyo ya saa kwa saa naiona wazi saa ya mchanga ya nahodha.

Wakili Nicolò Lombardo, kiongozi wa upande uliodai ardhi ya mji, alishauriwa akimbie. Hakukimbia, alikwenda mwenyewe hadi Chuo cha Capizzi, alikofikia Bixio, kumweleza mambo yalivyokuwa. Hapo hapo akakamatwa. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hakuhusika na mauaji, na hata alijaribu kuyazuia. Tarehe 9 Agosti baraza la kijeshi lilikaa, kesi ikasikilizwa kwa saa chache, utetezi ukapewa muda mfupi usiofaa kitu, na hukumu ikatolewa siku iyo hiyo. Alfajiri ya tarehe 10 watu watano walipigwa risasi katika kiwanja cha San Vito: Lombardo na wakulima wanne. Mmoja wa wale wanne, Nunzio Ciraldo Fraiunco, alikuwa mtu aliyepungukiwa na akili, ambaye siku za ghasia alizunguka mitaani na kitambaa cha rangi tatu kichwani akipuliza tarumbeta ya bati. Huko Bronte inasimuliwa kwamba risasi za kikosi hazikumpata, akaanguka magotini akilia kwamba Bikira Maria amemfanyia neema, naye akauawa kwa risasi ya kichwa.

Bixio alimwandikia mke wake kwamba kazi hiyo ilikuwa imelaaniwa, na kwamba mtu wa tabia kama yake hakupaswa kupewa. Wapo wanaoyasoma maneno hayo kama toba. Kwangu mimi ni ukiri wa mtu anayejijua, na kwa sababu hiyo simtetei. Alijua kwamba hasira yake haifai kuwa hakimu, na bado alikaa kwenye kiti hicho na kumaliza kazi kwa siku nne kwa sababu vivuko vya Calabria vilikuwa vikimsubiri. Lawama nyingine ni ya Garibaldi, aliyeahidi ardhi na kumtuma mtu huyu pale ilipodaiwa. Wakulima wa Bronte walidhani Italia mpya inakuja kuwapa mashamba. Walichokiona kwanza ni bendera ya rangi tatu juu ya kikosi cha kuua.

Wiki mbili hazikupita kabla Bixio hajawa upande wa pili wa maji. Tarehe 21 Agosti Reggio ilianguka, naye akajeruhiwa mkononi. Tarehe 7 Septemba Garibaldi aliingia Napoli, na tarehe 1 Oktoba jeshi la Bourbon lilifanya jaribio lake kubwa la mwisho kwenye mto Volturno. Garibaldi alikuwa na watu wapatao 20,000 waliotandazwa kwenye mstari mrefu kupita uwezo wao, na mlango wa nyuma wa mstari huo ulikuwa bonde lililo karibu na Maddaloni, mahali ambapo mfereji uliojengwa karne ya 18 kupeleka maji kwenye kasri la Caserta unavuka bonde juu ya matao marefu. Bixio alipewa bonde hilo na watu pungufu ya 6,000, na akaambiwa hapo ni kufa kupona. Adui akipita hapo angemkuta Garibaldi kwa mgongo.

Asubuhi brigedi yake moja ilivunjika na kukimbia, matao yakachukuliwa, na kwa muda ilionekana kwamba yote yamekwisha. Bixio aliwavuta waliobaki hadi kwenye mwinuko wa Monte Caro, akawapanga upya chini ya mizinga, na adui alipopanda akawashukia kwa singe. Kufikia alasiri bonde lilikuwa lake tena. Hapa ndipo ninapomwona nahodha kwa uzuri wake wote: chombo kimevunjika, nusu ya mabaharia wametoroka, naye hana swali hata moja kuhusu kinachopaswa kufanywa.

Alichaguliwa mbunge mwaka 1861, na tarehe 18 Aprili mwaka huo, katika Bunge jipya lililokaa Torino, alifanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa mtu wa hasira kama yeye. Garibaldi alisimama akiwa na shati lake jekundu na kumshutumu Waziri Mkuu Cavour kwamba serikali yake ilitaka kuleta vita vya ndugu kwa ndugu, na kwamba inawatupa watu wa Jeshi la Kusini, yaani wapiganaji wake wa kujitolea, waliokomboa nusu ya nchi. Cavour alipiga meza kwa hasira, ukumbi ukalipuka. Bixio ndiye aliyeomba neno. Alisema anasimama kwa jina la maelewano na la Italia, akawaomba wawili hao, ambao aliwaheshimu wote, washikane mikono. Bunge lilitulia. Siku chache baadaye watu hao walikutana na kusuluhishwa kwa adabu, ingawa si kwa upendo. Mwezi Juni Cavour alikuwa amefariki. Huo ni ushindi wa Bixio ambao hauna mnara wowote, nami nauweka karibu na ule wa Maddaloni.

Si kwamba alikuwa amelainika. Aliingizwa katika jeshi la kifalme akiwa luteni jenerali, na mwaka 1863 alikuwa katika tume ya Bunge iliyotumwa kusini kuchunguza ujambazi, ambao kwa kiasi kikubwa ulitokana na njaa ile ile ya ardhi iliyolipuka Bronte. Katika barua kwa mke wake aliziita sehemu alizopita mazizi ya nguruwe, akaandika kwamba wakaazi wake wanastahili kuhamishwa na kupelekwa Afrika wakastaarabishwe. Neno hilo linamchoma msomaji wa Kiswahili kwa pande mbili, na sikuona sababu ya kulificha.

Vita vya mwaka 1866 dhidi ya Austria vilikuwa aibu kwa majenerali wengi wa Italia, na si kwake. Huko Custoza tarehe 24 Juni divisheni yake ya saba ilisimama Villafranca sambamba na ile ya Mwanamfalme Umberto, askari wakajipanga kwa miraba na kuwarudisha nyuma wapanda farasi wa Austria, kisha kwa saa nyingi wakaachwa bila amri huku wenzao wakishindwa kwenye vilima vya jirani. Jioni, jeshi liliporudi nyuma, Bixio ndiye aliyefunika mgongo wake, na aliposhauriwa na adui asalimu amri alikataa.

Kisha ikaja Roma. Mnamo Septemba 1870, Wafaransa wakiwa wameondoka kwa sababu ya vita vyao na Prussia, jeshi chini ya Raffaele Cadorna liliingia katika nchi ya Papa. Bixio, ambaye sasa alikuwa seneta, aliteka bandari ya Civitavecchia tarehe 16 bila mapigano, na tarehe 20 akapewa upande wa magharibi wa mji mkuu. Ukuta ulitobolewa na kupenywa kwingine, karibu na Porta Pia, na ndilo jina ambalo kila Mwitalia analijua. Mizinga ya Bixio ilikuwa ikipiga Lango la San Pancrazio. Alikuwa amesimama karibu na mahali alipoangukia miaka 21 kabla, karibu na pale Mameli alipopata jeraha lililomwua, isipokuwa kwamba safari hii alikuwa nje ya ukuta.

Baada ya hapo, nchi kavu haikuwa na kitu cha kumpa. Aliacha jeshi, akajenga meli kubwa yenye mvuke na matanga katika viwanda vya Newcastle, Uingereza, akaiita Maddaloni, jina la vita vyake vikubwa vya nchi kavu, na katika kiangazi cha 1873 aling'oa nanga kuelekea Mashariki kupitia Mfereji wa Suez. Alikuwa na umri wa miaka 51, ana mke na watoto Genova, na aliamini kwamba Italia iliyoungana bila meli za biashara ingebaki ombaomba. Ukweli mchungu ni kwamba kazi aliyoipata huko ilikuwa kuwabebea Waholanzi askari na mizigo yao kwenda kuuteka Usultani wa Aceh. Mtu aliyetumia ujana wake kuwafukuza wageni waliotawala nchi yake alikuwa sasa akipeleka majeshi ya wageni kwenye nchi ya wengine, na sikuona popote kwamba aliuona ufanano huo.

Kipindupindu kilipanda melini pamoja na askari. Bixio alifariki tarehe 16 Desemba 1873, ndani ya Maddaloni, katika maji ya Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, kisiwa kile kile ambacho mwaka 1846 alijitupa majini kukifikia kwa kuogelea. Alizikwa huko kwanza. Miaka kadhaa baadaye mabaki yake yaliletwa Genova, yakawekwa katika makaburi ya Staglieno, mwendo mfupi kutoka bandari alikoichukua Lombardo.